Stendi ya darubini yenye mota karibu na ikweta: kwa nini nyota zangu zinachora mistari?

#1 Kilimia_Dodoma
Habari za jioni. Nina darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi wa milimita 480. Nimeifunga juu ya stendi ya mhimili wa ikweta yenye mota, na nyuma yake nimeweka kamera ya kawaida yenye pikseli za mikroni 3.9. Nipo Dodoma, latitudo 6.2 kusini. Kwa kuangalia kwa jicho sina malalamiko: nikiweka Alfa Centauri katikati ya lenzi ya jicho, naweza kwenda jikoni kuchemsha chai na nikirudi naikuta palepale, zile nyota mbili zikiwa zimekaa pamoja kama macho ya paka. Taabu inaanza ninapopiga picha. Juzi nililipiga kundi la nyota la Omega Centauri picha 30 za sekunde 60. Katika kumi hivi nyota ni duara safi, na katika zilizobaki kila nyota imekuwa kistari, vingine vikifika pikseli 12. Picha za sekunde 15 karibu zote ni safi. Aliyeniuzia alisema stendi hii "inafuata nyota yenyewe", nami nikaridhika na neno hilo. Je, kosa liko katika mashine au katika mikono yangu?

#2 FundiSaa
Liko katika mashine, lakini si ubovu. Mhimili wa stendi yako unazungushwa na parafujo ndogo inayosukuma gurudumu la meno. Dunia inakamilisha mzunguko mmoja kwa kulinganisha na nyota kwa sekunde 86,164, yaani saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Gurudumu likiwa na meno 180, ambayo ni hesabu ya kawaida kwa stendi za kati, parafujo inamaliza duru moja kila baada ya sekunde 479, karibu dakika nane. Hakuna parafujo iliyochongwa sawasawa kabisa, kwa hiyo ndani ya dakika hizo nane stendi huenda mbele kidogo ya nyota, kisha ikabaki nyuma kidogo. Katika kilele cha mwendo huo inatulia, na picha unazopiga wakati huo ndizo zile kumi nzuri. Nimetengeneza saa za ukutani kwa miaka mingi, na ugonjwa huu ninaujua kwa sura.

#3 Mwalimu_Njombe
Ndugu FundiSaa ameeleza vizuri jambo la kweli, lakini ameruka swali ambalo lingeulizwa kwanza: mhimili ulielekezwa wapi? Stendi ya aina hii inafuata nyota kwa usahihi iwapo tu mhimili wake mkuu uko sambamba na mhimili wa Dunia. Ukikosea kwa digrii moja, nyota inaweza kuhama hadi takriban sekunde 16 za tao kila dakika. Naomba wasomaji wapya wasichanganye sekunde ya tao na sekunde ya saa. Ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii.

Tupige hesabu. Kwa pikseli za mikroni 3.9 na fokasi ya milimita 480, kila pikseli ya mwenye uzi inabeba karibu sekunde 1.7 za tao. Pikseli 12 ni sekunde 20 za tao kwa dakika. Kosa la digrii moja na robo katika kulenga ncha ya anga, yaani pale angani mhimili wa Dunia unapoelekea, linatosha kabisa kuleta madhara hayo, bila kuisingizia gia.

#4 Mtaa_wa_Pili
Nilipoona kichwa cha uzi nilidhani kuna stendi mpya ya mabasi imejengwa Dodoma. Naendelea kusoma hata hivyo.

#5 Kilimia_Dodoma
Ahsanteni. Mwalimu, nikiri mbele ya wote: mhimili niliuelekeza kusini kwa dira ya simu. Kuhusu mwinuko, kipimo cha stendi yangu kinaishia digrii 15 na hakishuki zaidi, kwa kuwa inaelekea walioitengeneza walikuwa wakiwafikiria watu wa Ulaya. Nilichofanya ni kufupisha mguu mmoja wa tripodi mpaka mhimili ukainama kufikia digrii sita hivi, nikapima kwa programu ya timazi kwenye simu hiyohiyo.

#6 Pwani_Tanga
Hapo ndipo penye kosa. Tripodi lazima isawazishwe kwa timazi kabla ya jambo lolote. Ukiiinamisha, stendi nzima inapoteza hesabu zake.

#7 Mwalimu_Njombe
Si sahihi, ndugu yangu wa Tanga. Nyota hazijui kama miguu ya tripodi iko sawa. Kinachotakiwa ni mhimili uelekee kwenye ncha ya anga, na ukifika huko kwa kuinamisha mguu au kwa kuzungusha parafujo ya mwinuko, matokeo ni yaleyale. Faida ya kusawazisha ni kwamba unapoirekebisha stendi kushoto na kulia, mwinuko haubadiliki, kwa hiyo kazi inakuwa nyepesi. Kinachonitia wasiwasi ni dira ya simu, kwa sababu kusini ya sumaku na kusini ya kweli ni vitu viwili, na simu iliyowekwa juu ya stendi ya chuma haisomi hata hiyo ya sumaku ipasavyo.

#8 Pwani_Tanga
Nimekuelewa, Mwalimu. Nabaki na neno moja: tripodi iliyoinamishwa ikiwa na darubini juu inaweza kuanguka, na hilo silihitaji fizikia kulijua.

#9 FundiSaa
Katika hilo la kuanguka nakubaliana naye kabisa, tena sisi wa karibu na ikweta tuna balaa la pekee. Mhimili ukilala karibu mlalo, uzito wa darubini unatokeza upande wa kusini, nje ya katikati ya tripodi. Akili inakwambia uelekeze mguu mmoja kusini ili ubebe uzito huo. Ukifanya hivyo, fimbo ya uzani wa kusawazisha inaugonga mguu huohuo stendi inapozunguka. Ukiugeuzia mguu kaskazini, fimbo inapita salama lakini stendi inataka kupiga magoti. Mimi niliondokana na hilo kwa kuongeza kipande cha bomba nene kati ya tripodi na kichwa cha stendi. Fundi wa kuchomelea pale Gerezani, Dar es Salaam, alinifanyia kwa siku moja, akiuliza mara tatu kama ni kiti cha bomba la maji.

#10 BintiUnguja_Maskati
Assalaam alaykum. Mimi naishi Maskati, latitudo 23.6 kaskazini, na kwa miaka minne sikuwahi kufikiria jambo hili. Hapa natazama ndani ya kijidarubini kilichomo kwenye mhimili, naiweka nyota ya Jaa mahali pake, na kwa dakika tano nimemaliza. Mwaka jana nikaja likizo Unguja na stendi yangu ndogo, nikatoka ufukweni nikiwa na furaha zangu, kisha nikasimama nimeduwaa. Jaa haipo. Iko chini ya upeo wa macho, upande wa kaskazini, na ncha inayoonekana ni ile ya kusini, digrii sita tu juu ya bahari. Huko kusini nyota iliyo karibu na ncha ni Sigma Octantis, ambayo ung'avu wake ni wa daraja la 5.4. Hata jangwani ni dhaifu. Ikiwa imezama katika ukungu wa upeo wa macho, usijisumbue kuitafuta. Usiku wa kwanza nililala bila picha hata moja.

#11 Nahodha_Mstaafu
Binti yangu, umenikumbusha mbali. Wazee waliokuwa wakisafiri na majahazi kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi walikuwa wakiingoja Jaa ichomoze. Kutoka Lamu huioni. Ukishavuka ikweta na kupanda, inaanza kujitokeza juu ya maji, na kadiri inavyopaa ndivyo unavyojua umefika wapi. Upande wa pili walikuwa na Suheli. Majina hayo mawili yalikuwa ndiyo kaskazini na kusini zetu. Sikujua kwamba siku hizi mashine nazo zinaitafuta Jaa.

#12 Mtaa_wa_Pili
Nami namwona mwenye uzi amejiita Kilimia, kundi la nyota ambalo wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Asije akatuletea mvua kabla hatujajua kosa liko wapi.

#13 Savana_Singida
Nadhani mnalizunguka jibu. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako Dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko Ulaya, kwa hiyo nyota zinapita haraka zaidi na stendi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya haiwezi kuzifuata. Au pengine stendi imewekwa katika mpangilio wa nusu ya kaskazini, na mota inazunguka kinyume.

#14 Mwalimu_Njombe
Yote mawili hayasimami. Ardhi ya ikweta inasafiri kilomita nyingi zaidi kwa saa, hilo ni kweli, lakini pembe inayozungukwa ni ileile kila mahali: sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Kinachobadilisha kasi ya nyota katika picha ni umbali wake kutoka ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, wala si mahali anaposimama mpigapicha. Nyota za ukanda wa Orioni zinakwenda kwa kasi kamili, na Omega Centauri, iliyo digrii 47 na nusu kusini, inakwenda kwa sekunde 10 hivi za tao. Ukiwa Njombe au Oslo, kasi ya Orioni ni moja.

Kuhusu mota kuzunguka kinyume, nyota ingehama mara mbili ya kasi yake ya kawaida. Kwa sekunde 60 angepata mstari wa mamia ya pikseli, naye analalamikia 12. Kadhalika, kama mhimili ungebaki kwenye digrii 15 za kipimo chake, kosa la karibu digrii tisa lingeweza kumpa mistari ya pikseli 80. Kwa hiyo kule kuinamisha tripodi kulimsaidia sana, ingawa hakukummalizia kazi.

#15 Wanjiku_Nairobi
Hamjambo. Ningependa kuuliza kwa nini mnajitesa na mhimili wa ikweta. Nina stendi ya aina ile nyingine, inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, ambayo ina kompyuta yake. Naiweka uani, naielekeza kwenye nyota tatu zinazong'aa hata bila kuzitaja majina, nayo inajitambua iko wapi na kuanza kufuata. Sina haja ya Jaa wala Octantis. Ninaangalia, na ninapiga picha pia.

#16 FundiSaa
Dada Wanjiku, kwa kuangalia hakuna anayekupinga. Kwa kupiga picha, stendi yako haifai kabisa, kwa sababu inaiweka nyota katikati huku anga lote likizunguka polepole kuizunguka nyota hiyo. Jicho halioni, lakini kamera inaona: nyota za katikati ni nukta na za pembeni ni matao.

#17 Wanjiku_Nairobi
"Haifai kabisa" ni maneno makali kwa mtu ambaye hajaona picha zangu. Mwezi wa Disemba nilipiga nebula ya Orioni, lile wingu la gesi angani, ikiwa upande wa mashariki, picha za sekunde 30, na pembe zote nne zilikuwa safi.

#18 Mwalimu_Njombe
Hapa FundiSaa na dada Wanjiku wana haki wote wawili, na sababu yake ni nzuri mno kuipita haraka. Kasi ya picha kuzunguka inategemea mambo matatu: latitudo ya mtazamaji, upande anaoelekeza darubini, na mwinuko wa kile anachokitazama. Ikweta ndiko kasi hiyo inakoweza kuwa kubwa kuliko kwingine kote duniani, ukielekeza kaskazini au kusini. Hata hivyo, ukielekeza mashariki au magharibi kamili, inashuka hadi sifuri.

Chukueni Nairobi, latitudo 1.3 kusini. Omega Centauri inapokuwa kusini kabisa, mwinuko wake ni kama digrii 44, na picha inazunguka kwa sekunde 21 za tao kila sekunde. Kwa sekunde 30 hiyo ni sehemu ndogo ya digrii, lakini nyota iliyo pikseli 3,000 kutoka katikati ya sensa ya kamera inaburutwa pikseli tisa. Orioni yenyewe inachomoza karibu mashariki kamili, inapanda wima kama mtu anayepanda mnazi, na njiani haiachi upande wa mashariki mpaka inakaribia utosini. Muda wote huo stendi ya dada Wanjiku inafanya kazi kana kwamba ni ya mhimili wa ikweta. Mtu wa Uingereza hapati bahati hiyo, kwa sababu kwake Orioni inapita mshazari upande wa kusini.

#19 Wanjiku_Nairobi
Ahsante, Mwalimu. Niongeze kasoro moja ili nisionekane nauza mashine. Orioni ikifika utosini stendi inachanganyikiwa: inabidi ijigeuze kutoka mashariki hadi magharibi kwa haraka, mota zinalia, na nyota inatoroka kwenye lenzi. Mimi huiacha inapofika digrii 80 hivi, nikanywa uji, nikairudia ikiwa imevuka.

#20 Mwalimu_Njombe
Kwa Dodoma ni vibaya zaidi, kwa kuwa nebula ya Orioni inapita chini ya digrii moja kutoka utosini. Ili kuifuata kwenye kilele, stendi ya aina hiyo ingelazimika kugeuka karibu digrii 0.3 kila sekunde.

#21 Mbao_Kigoma
Mimi sina stendi ya kununua. Nina mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya mlango, na parafujo ya milimita 6 ambayo kila duru inasogea milimita moja. Parafujo ikiwa milimita 228.5 kutoka kwenye bawaba na ikizungushwa duru moja kwa dakika, ubao wa juu unafunguka kwa kasi ya anga. Zamani nilizungusha kwa mkono nikihesabu kwa saa. Sasa nimefunga mota ndogo. Hapa kwetu bawaba inalala karibu mlalo, ikielekea kaskazini na kusini, kwa hiyo hata kuitengeneza ni rahisi kuliko huko kwingine. Kwa lenzi ya milimita 50 napata dakika mbili bila mstari. Sijasema ni jibu la mwenye uzi. Nimesema ili asije akauza ng'ombe kununua stendi nyingine.

#22 Mwalimu_wa_Zamu
Nami niseme kuhusu kuangalia kwa macho, maana mmekimbilia picha. Nafundisha shule ya sekondari, na tuna darubini ya kioo isiyo na mota, ile ya sanduku la mbao aliyoieneza John Dobson wa San Francisco. Nikiweka ukuzaji wa mara 200, uwanja wa lenzi ni robo ya digrii, na sayari iliyo karibu na ikweta ya anga inauvuka wote kwa dakika moja. Wanafunzi 40 wamepanga foleni. Mwanafunzi wa kwanza anaona pete za Zohali, anapiga kelele, anaishika darubini kwa mikono miwili. Wa pili anaona giza na kwa adabu anasema ameona. Kwa kundi kama hilo, mota ndiyo inayotofautisha somo na maigizo.

#23 Nahodha_Mstaafu
Mwalimu, kusukuma kwa mkono ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba Dunia inazunguka. Ukimwekea mota, ataamini kwamba Zohali imesimama.

#24 Mwalimu_wa_Zamu
Mzee wangu, basi nitaizima mota kwa dakika moja ili waone, kisha nitaiwasha tena.

#25 Umeme_Moro
Turudi kwenye mistari. Mwenye uzi hajasema anatumia umeme gani. Betri ikiwa dhaifu, au waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti zinashuka na mota inazunguka polepole. Nimeshawahi kuona kwa macho yangu: betri ya UPS ya volti 12 na ampea-saa 7, waya wa mita kumi, na stendi ikawa inasitasita.

#26 FundiSaa
Kusitasita nakubali. Kuzunguka polepole hapana. Mota za stendi hizi zinahesabiwa hatua kwa hatua na saa ya kioo cha kwatzi iliyo ndani ya kompyuta yake. Volti zikishuka sana mota inaruka hatua au kompyuta inajizima na kuanza upya, na hapo ungeona balaa kubwa, si kistari. Kasi haipungui taratibu kama feni ya dari.

#27 Kilimia_Dodoma
Natumia betri ya gari na waya wa mita mbili, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Nimefanya jaribio alilonielekeza Mwalimu kwa ujumbe wa faragha. Nilipiga picha ya sekunde 60, na katika sekunde tano za mwisho nikazima mota makusudi, ili kila nyota ijichoree mkia unaoonyesha mashariki na magharibi. Tukakubaliana kwamba kistari cha kosa kikilala sambamba na mkia, gia ndiyo yenye makosa. Kikisimama wima juu yake, kulenga ncha ndiko kwenye makosa. Matokeo: kistari kimekaa mshazari, karibu digrii 40 kutoka kwenye mkia.

#28 FundiSaa
Karibu zaidi na mkia kuliko na wima. Gia imeshinda.

#29 Mwalimu_Njombe
Mshazari maana yake nyota inahama pia kaskazini-kusini, na gia ya mhimili mkuu haiwezi kufanya hivyo. Tena kosa la kulenga ncha, kwa kitu kilicho mbali na ikweta ya anga kama Omega Centauri, linaweza kusogeza nyota hata upande wa mashariki na magharibi. Sioni ushindi hapo.

#30 BintiUnguja_Maskati
Kuna jambo ambalo hamjaligusa. Nilipokuwa Unguja niligundua kwamba kamera yangu ilikuwa inalegea taratibu katika bomba la kurekebishia fokasi, na kebo yake ilikuwa inaning'inia na kuvuta kila darubini inapogeuka. Hilo nalo linachora mshazari, na halijali gia wala ncha. Mwenye uzi akaze parafujo zote, afunge kebo kwenye mwili wa darubini, kisha apime tena. Vilevile, ncha ikiwa chini kiasi kile, hewa inapinda mwanga: kwenye mwinuko wa digrii sita au saba mwanga unanyanyuliwa kwa zaidi ya dakika saba za tao, kwa hiyo ncha unayoiona na ncha ya kweli haziko mahali pamoja.

#31 Mwalimu_Njombe
La kebo nalikubali. La hewa ni kweli kwa anayelenga ncha kwa kutazama nyota zilizo karibu nayo, lakini mwenye uzi alilenga kwa dira na timazi, ambazo hewa haizipindishi. Na kwa kitu chenyewe anachopiga, kikiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, mpindo wa mwanga unabadilika kama sekunde moja ya tao kwa dakika. Hiyo ni nusu ya pikseli yake, na sisi tunatafuta 12.

Dawa ninayopendekeza ni ile ya kufuatilia nyota inavyohama. Achague nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapopita juu kabisa, aitazame dakika tano. Ikihama kaskazini au kusini, asogeze mhimili kushoto au kulia. Kisha achague nyingine iliyo chini upande wa mashariki, arekebishe mwinuko. Njia hii haihitaji kuiona ncha hata kidogo.

#32 Wanjiku_Nairobi
Au atumie kompyuta. Programu ya NINA ina nyongeza inayopiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, inazitambua nyota zilizomo, na inakwambia mhimili umekosea kwa kiasi gani na uelekee wapi. Zile programu zinazohitaji kuona eneo la ncha yenyewe ndizo zinazotushinda sisi, kwa kuwa ncha yetu iko nyuma ya mwembe wa jirani.

#33 Rujewa_2016
Nimecheka hapo kwenye mwembe. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa kwa ajili ya kupatwa kwa Jua kwa pete, na mchana hakuna nyota wala mwembe wa kukusaidia. Nilielekeza mhimili kwa dira, nikaweka kasi ya Jua badala ya ile ya nyota, nikaweka kichujio mbele ya darubini, na Jua likatoka nje ya picha kila baada ya dakika chache. Mwishowe nilikuwa narudisha kwa vitufe. Pete niliipata, ikiwa imeegemea kona kama picha ya harusi ya mjomba.

#34 Kipupwe_Iringa
Mbona hakuna aliyetaja kamera ya kuongozea? Unaweka kijidarubini kidogo pembeni, kamera yake inaitazama nyota moja kila sekunde mbili au tatu, programu ya PHD2 inaona nyota ikihama na kuiamuru mota irekebishe. Gia, ncha, hewa, vyote vinapata dawa moja. Nilipofunga yangu nilitoka sekunde 40 hadi dakika tano.

#35 FundiSaa
Dawa inayotuliza maumivu si uchunguzi. Kama bomba la fokasi linalegea, kijidarubini cha pembeni hakitaliona, maana chenyewe hakilegei. Na kama ncha imekosewa sana, nyota unayoiongozea itabaki nukta huku zile za pembeni zikizunguka kama kwa dada Wanjiku.

#36 Kipupwe_Iringa
Kwa kosa la digrii moja na picha ya dakika mbili, mzunguko huo ni mdogo mno kuonekana kwenye sensa yake. Piga hesabu.

#37 FundiSaa
Nimepiga. Kwa dakika mbili una haki. Kuhusu bomba la fokasi bado nimesimama nilipokuwa.

#38 Kilimia_Dodoma
Samahanini kwa ukimya wa wiki tatu. Nimefanya yafuatayo: nimehamia kwenye sakafu ya saruji badala ya mchanga, nimefunga kebo, nimekaza parafujo za kamera, na nimelenga ncha kwa njia ya nyota inavyohama, kazi iliyonichukua dakika 40 na uvumilivu wa mke wangu. Usiku wa kwanza, kati ya picha 30 za sekunde 60, 21 zilikuwa nzuri. Zile mbaya zilikuja kwa mafungu: baada ya picha tano au sita nzuri zinafuata mbili au tatu zenye vistari vifupi vya mashariki-magharibi, pikseli tano au sita.

#39 FundiSaa
Tano na tatu ni nane, na kila picha ni dakika moja. Parafujo yako inakusalimia.

#40 Kilimia_Dodoma
Ndivyo nilivyofikiri nami, FundiSaa, mpaka usiku wa pili. Sikugusa kitu chochote. Stendi ililala palepale chini ya turubali. Nikapiga tena 30, na nzuri zilikuwa 11 tu, mbaya zimetawanyika bila mafungu, na vistari vimerudi mshazari. Palikuwa na upepo kidogo, lakini si wa kutisha.

#41 Mwalimu_Njombe
Turubali uliliwekaje? Mtu akiegemea tripodi kidogo tu wakati wa kufunika, mhimili unahama, na kazi ya dakika 40 inapotea.

#42 Pwani_Tanga
Au mguu ule uliofupishwa umeteleza. Nilisema.

#43 BintiUnguja_Maskati
Pima bomba la fokasi kwa kuweka alama ya kalamu mwanzo na mwisho wa usiku. Mimi ndivyo nilivyolikamata langu.

#44 Kilimia_Dodoma
Alama nimeiweka na mguu nimeufunga kwa kamba. Sasa tangu Jumanne mawingu yamefunika mji, na jana imenyesha.

#45 Mtaa_wa_Pili
Nilisema kuhusu Kilimia katika bandiko la 12.

#46 Mbao_Kigoma
Wakati mnangoja mawingu yaondoke, kuna aliye na mota ya duru moja kwa dakika? Yangu imeanza kulia.